Kioo cha ndani cha gari la zamani: maswali ninayoulizwa hapa Malindi

Gari langu ni Peugeot 504 ambalo marehemu baba aliliendesha Malindi na Mombasa kabla mimi sijajua kusoma. Nikiliegesha tu mjini, haupiti muda mtu huja akainamisha kichwa dirishani. Wenye Land Rover, Datsun na Volkswagen Beetle huja na maswali yao, na mengi huishia kwenye kile kioo kidogo cha kutazamia nyuma. Nimeyakusanya hapa pamoja na majibu ninayoyatoa, ili anayetaka ayasome kwa utulivu kabla hajashika bisibisi.

Kioo changu kimeingia madoa meusi pembeni. Nikitupe ninunue kingine?

Usikitupe, nakusihi. Hilo ndilo jambo ninalolirudia kuliko yote: kioo cha asili kikishaingia jaani hakirudi, na kinachouzwa leo mara nyingi hakikai sawasawa kwenye fremu ya zamani.

Madoa yale si uchafu. Nyuma ya kioo kuna utando mwembamba wa fedha, juu yake mara nyingi hupakwa shaba, kisha rangi ya kuvikinga vyote viwili. Ukingoni, pale kioo kilipokatwa, ndipo penye upenyo. Hewa yetu ina chumvi na unyevu, na wakati wa kusi gari lililoegeshwa upande wa bahari utalipangusa asubuhi na jioni ukalamba kidole ukaonja chumvi. Unyevu ule huingia ukingoni ukaila fedha polepole kuelekea katikati. Kioo chenyewe ni kizima, kilichokufa ni fedha ya nyuma yake.

Kama weusi haujapita upana wa kidole, na haukuzibii barabara, uzuie hapo ulipofika. Kitoe kioo kwenye fremu ukikaushe vizuri kivulini, hata siku mbili. Kisha chukua rangi ya kucha isiyo na rangi, ile ya kung'arisha tu, upake ukingo wote mara mbili. Wanaonisikia nikisema hivi hudhani natania. Sitanii. Changu nilikipaka hivyo na weusi umesimama palepale.

Weusi ukifika katikati, hapo kioo hakikusaidii tena usiku. Una njia mbili: kupakwa fedha upya na fundi mwenye ujuzi huo, kazi ambayo si wengi wanaoifanya, au kukatiwa kioo kipya ukakitia kwenye fremu ileile ya zamani.

Nikikatiwa kioo na muuza vioo wa hapa mjini, kitafaa?

Kitafaa kama cha asili kilikuwa bapa. Kwanza kitazame ukingoni. Kama ukingo wa juu na wa chini una unene tofauti, hicho si bapa, kimechongwa kama kabari, na hakuna muuza vioo atakayekukatia hicho kwenye kioo cha kujitazamia nyumbani. Soma jibu linalofuata kabla hujaenda.

Kama ni bapa, usimpe fundi fremu peke yake ukamwambia akadirie. Weka kioo cha zamani juu ya karatasi ngumu, kizungushie kalamu, kata, halafu ijaribu karatasi ndani ya fremu. Unene ndio unaowakwaza wengi. Vioo vya kawaida vya nyumbani huanzia milimita 3, na fremu nyingi za zamani zilitengenezwa kwa kioo chembamba zaidi. Ukikilazimisha, fremu hufunguka midomo na kioo hupasuka siku ya kwanza utakayopita barabara ya mashimo. Uliza kioo chembamba, na kama hakipo, subiri. Kuna wanaotoa kioo bapa kwenye mira (yaani kioo pamoja na fremu na mkono wake) ya gari lililokwisha kufa wakakikata kwa kipimo chao, na hiyo ni njia nzuri.

Mambo mawili usiyaache. Ukingo usuguliwe kwa jiwe la kunolea lenye maji mpaka usikwaruze kidole, hasa kama kioo chako hakina fremu ya kukizunguka. Na nyuma yake bandika karatasi ya plastiki yenye gundi, ile ya kufunikia madaftari ya shule, ili kikivunjika vipande vishikane. Kioo kile kiko shibiri chache tu kutoka usoni mwako.

Gundi ya kukikalisha kwenye fremu isiwe silikoni inayonuka siki. Ile harufu ni asidi, nayo hula fedha ya nyuma ya kioo na kuamsha kutu kwenye chuma. Tafuta silikoni isiyo na harufu hiyo, au utepe mnene wa gundi pande mbili.

Kile kilimi cha chini ya kioo ni cha nini? Changu kimevunjika na sioni tofauti.

Tofauti utaiona ukitoka Kilifi saa mbili za usiku, basi limekukalia nyuma na taa zake kali.

Kioo chenye kilimi ni kile cha kabari nilichokitaja. Kina nyuso mbili zinazoakisi. Ule wa nyuma wenye fedha unarudisha sehemu kubwa ya mwanga, zaidi ya asilimia 80. Wa mbele ni kioo kitupu, nao hurudisha kama asilimia 4 tu. Kwa kuwa nyuso hizi mbili hazilingani, kila mmoja hutuma taswira yake upande tofauti. Mchana unatazama taswira ya fedha. Usiku ukisukuma kilimi, kioo kizima huinama kidogo, taswira ya fedha ikaenda darini, na jicho lako likabaki na ile asilimia 4. Taa za basi unaziona, ila kama vijinga viwili vya moto vilivyo mbali, na macho hayaumii.

Jaribu ukiwa umekaa: washa kiberiti kiti cha nyuma usiku, halafu usukume kilimi huku ukitazama dari. (Mwenzako ndiye akishike, si wewe.) Utauona mwanga ukipanda juu. Mimi niliwafanyia jambo hili wanangu wakataka nirudie mara tano.

Kwa hiyo kilimi kikivunjika usikubali kuwekewa kioo bapa ukaambiwa ni kilekile. Kilimi hutengenezeka. Mara nyingi kilichovunjika ni kijipande cha plastiki kilichopauka kwa jua, na fundi wa mkono mwepesi atakuchongea kingine cha shaba au cha alumini.

Kioo kinatetemeka mpaka tuktuk ya nyuma inaonekana tatu.

Swali hili ndilo linaloletwa zaidi, na ndilo linalopewa dawa mbaya zaidi, yaani kununua kioo kingine.

Kwanza uelewe kwa nini mtetemo mdogo unaharibu sana. Kioo kikigeuka nyuzi 1, taswira hugeuka nyuzi 2. Kwa gari lililo mita 60 nyuma yako, nyuzi 2 ni kama mita 2 kando. Basi kioo kikicheza kiasi ambacho hata jicho halikioni, kule nyuma gari zima linaruka kutoka pembeni hadi katikati ya barabara. Injini ya silinda nne ikinguruma taratibu kwa mizunguko 800 kwa dakika hupiga karibu mara 27 kila sekunde, na mapigo hayo hupanda kwenye bodi mpaka juu ya kioo cha mbele. Mkono wa mira ukiwa mrefu na kioo kikiwa kizito, kinayapokea yote.

Tafuta ulegevu kwa mpangilio. Shika kitako, kile kinachogusa bodi, ukitikise. Kikicheza, tatizo ni skrubu. Kikikaa imara, shika kioo chenyewe ukitikise huku kidole cha mkono wa pili kikigusa ile gololi inayokiwezesha kugeuka. Mara nyingi hapo ndipo penye ugonjwa. Gololi imelika, au, na hili linanisikitisha kila nikiliona, mtu aliitia mafuta. Gololi ya mira haitiwi mafuta! Inashikwa na msuguano. Ipanguse kwa spiriti mpaka kitambaa kitoke cheupe, halafu kaza skrubu ya kikombe chake robo mzunguko, ujaribu, ukaze tena kama bado. Kama haina skrubu, ama imekazwa mpaka mwisho na bado inateleza, kata kijipande cha msasa laini kabisa, ukubwa wa ukucha wa kidole kidogo, ukiweke kati ya gololi na kikombe, upande wenye mchanga ukielekea gololi. Langu lina kijipande hicho na kioo hakijateremka.

Ikiwa yote haya ni mazima na bado kinatetemeka gari likiwa limesimama, shuka uangalie raba zinazoshikilia injini. Zikikauka zikapasuka, injini hupiga bodi moja kwa moja, na kioo ndicho kinachokuambia kabla ya kitu kingine chochote.

Skrubu za kitako zimeshika kutu. Nizitoeje?

Kwa subira. Weka tone la mafuta ya kupenya kutu kwenye kila kichwa cha skrubu jioni, kinga dari kwa kitambaa, ulale. Asubuhi tumia bisibisi inayojaa kabisa kwenye mfuo, uisukume kwa nguvu kuelekea ndani kuliko nguvu ya kuizungusha. Ikigoma, gusisha ncha ya moto ya chuma cha kulehemu waya kwenye kichwa cha skrubu kwa dakika moja, iache ipoe, ujaribu tena. Usilete moto wa wazi pale juu. Dari za magari haya ni kitambaa au plastiki, zinashika kama makuti.

Kabla ya yote toa waya wa betri. Katika baadhi ya magari taa ya ndani imefungwa pamoja na kitako cha kioo, na waya zake zimekaa nyuma yake palepale.

Kisha sikiliza hili, maana kosa lake nimelibeba mwenyewe. Tundu zikiwa zimelika, watu hutia skrubu ndefu zaidi. Mimi nilifanya hivyo, nikakaza kwa furaha, na nilipotoka nje nikakuta kipele kimechomoza kwenye paa, rangi imepasuka juu yake, na baada ya masika mawili kutu ikaanza kutoka hapo. Kati ya chuma cha ndani na bati la paa nafasi ni ndogo mno. Skrubu mpya iwe na urefu uleule wa zamani, unene ndio uongezeke kidogo. Kama haishiki, fundi akutilie nati ya kubanwa kwenye tundu, ile inayofungwa kama ribiti. Na skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu. Hapa kwetu hiyo si anasa.

Kioo changu kilibandikwa kwa gundi kwenye kioo cha mbele, nacho kimeanguka. Gundi gani inafaa?

Magari mengi ya miaka ya 1970 na 1980 yana kijibao cha chuma kilichogundishwa kwenye kioo cha mbele, na mira huning'inia hapo.

Gundi ya papo hapo, ile ya kachupa kadogo, haifai. Ikikauka ni ngumu na nyepesi kuvunjika, na joto na unyevu huimaliza. Nilimbandikia ami yangu kwa gundi hiyo kwenye gari lake. Tulipofika Gede kioo kikamwangukia mapajani akiwa nyuma ya lori. Hakuumia, lakini alinitazama mtazamo ambao sijausahau. Zile gundi za mchanganyiko wa tyubu mbili zinashika, ila siku ya kuzitoa utajuta. Silikoni hubaki laini, na mira juu yake hucheza kama jino lililolegea.

Nunua gundi iliyotengenezwa kwa kazi hii, inauzwa katika maduka ya spea. Huja na vitu viwili: dawa ya kutayarisha na gundi yenyewe. Weka alama ya mahali pa kijibao kwa utepe upande wa nje. Kwangua gundi ya zamani kwa wembe, sugua kijibao kwa msasa mpaka chuma king'ae, pangusa kioo na chuma kwa spiriti, na baada ya hapo usiviguse kwa kidole, maana kidole huacha mafuta. Paka dawa, subiri ikauke, weka tone la gundi katikati, bandika, shikilia kwa dakika nzima bila kuhamisha. Halafu usitundike mira mpaka kesho yake, hata kama maandishi ya pakiti yanakuambia dakika 15.

Fanya kazi hii alfajiri au jioni. Saa saba mchana kioo cha mbele kilichopigwa na jua la Malindi huwa cha moto, na gundi hushika kabla hujakiweka kijibao sawa.

Kuhusu kukitoa kijibao cha zamani: karakana moja ilikipasha moto kwa mtungi wa gesi kwenye gari la rafiki yangu, na kioo cha mbele kikapasuka kutoka kona hadi kona. Vioo vya mbele vya zamani ni vya aina mbili. Kimoja ni cha tabaka mbili zenye plastiki katikati, na joto la mahali pamoja hukipasua au kuipa ile plastiki mapovu. Kingine ni kile kilichokazwa kwa moto kiwandani, ambacho kikijeruhiwa humwagika chote kama mchele. Wembe, spiriti na muda vinatosha.

Niweke kioo kipana zaidi?

Kabla ya kununua, kaa kwenye kiti ugeuke utazame dirisha la nyuma. Kioo hakiwezi kukuonyesha kinachozibwa na bodi. Volkswagen Beetle za mpaka mwanzoni mwa 1953 zilikuwa na dirisha la nyuma lililogawanyika mara mbili, zilizofuata mpaka 1957 zikawa na la mviringo kama yai. Ukimwekea gari la namna hiyo kioo cha shibiri mbili utaona nguzo na dari kwa upana zaidi, barabara ni ileile. Mwenye Land Rover ya turubai naye vivyo hivyo.

Kipimo kizuri ni cha kanuni za kimataifa za vioo vya magari: kioo cha ndani kionyeshe upana wa mita 20 za barabara kuanzia mita 60 nyuma yako hadi upeo wa macho. Pima kwenye uwanja ulio wazi kwa hatua na mawe mawili. Kama unaona mawe yote mawili bila kusogeza kichwa, kioo chako kinatosha.

Vile vioo virefu vya kubana juu ya kioo cha asili sivipendi. Vingi vimebinuka, na kioo kilichobinuka huonyesha vitu vidogo na mbali kuliko vilivyo. Bodaboda unayemdhani yuko mbali yuko mlangoni mwako. Tena uzito wake huielemea gololi mpaka ishuke.

Vipi vile vya kisasa vinavyojififisha vyenyewe usiku?

Vinafanya kazi nzuri, na dereva mwenye macho mazito usiku namwelewa akikitaka. Ndani kuna vihisio viwili, kimoja kinatazama mbele na kingine nyuma, na kati ya vioo viwili kuna dawa inayoingia giza ikipitishiwa umeme. Lakini uliza maswali haya kwanza. Betri yako ni volti ngapi? Beetle nyingi za kabla ya 1967 ni za volti 6, na kioo hiki kinataka 12. Waya gani wa betri umefungwa kwenye bodi? Magari mengi ya Uingereza, Land Rover za zamani zikiwemo, mpaka kuelekea mwisho wa miaka ya 1960 yalifungwa chanya kwenye bodi, na kioo cha leo kinataka hasi. Ukikosea hapo unakiua kwa sekunde moja.

Kama gari lako ni la volti 12 na hasi iko kwenye bodi, chukua umeme unaokuja ufunguo ukigeuzwa, upitie fyuzi ndogo yake peke yake, na waya ipite ndani ya nguzo bila kutobolewa tundu jipya. Kioo cha asili kifunge kwa kanga ukiweke kabatini.

Na vile vyenye kamera ndani yake?

Kwa gari linalolala juani, hapana. Ndani ya gari lililofungwa saa saba joto huweza kupita nyuzi 60, na vingi vina betri ndogo isiyovumilia hilo.

Nimetumiwa kioo kutoka Ulaya, cha gari la usukani wa kushoto. Kitaingia?

Matundu ya kitako huwa yaleyale mara nyingi. Tatizo ni mkono: ukiwa umepinda kumwelekea dereva wa kushoto, kwako utamtazama abiria, na gololi haina mzunguko wa kukufikia. Mwambie anayekutumia akupigie picha ya mkono kwa juu. Ulionyooka utafaa.

Kikishakuwa kizima nikitunzeje?

Nyunyizia dawa ya kusafishia kwenye kitambaa, kamwe si kwenye kioo. Maji yakiteremka ukingoni yanaingia nyuma, na umeshajua kitakachofuata. Fremu ya kromu iliyoota vidoa vya kutu isugue kwa kipande cha karatasi ya alumini, ile ya kufungia chakula, uikunje kama kidonge na uichovye maji matamu. Utaona povu la kijivu, na chini yake kromu itarudi kung'aa. Pangusa, kausha, paka nta nyembamba. Msasa na sifongo ya chuma weka mbali.

Mimi ni wa Lamu, gari langu naliacha Mokowe, gatini upande wa bara, wiki nzima nikivuka. Nifanye nini?

Hapo gari linakaa kando ya maji na vioo vimefungwa, na joto na unyevu vinapikana ndani. Ukiegesha, elekeza pua kusini au kaskazini ili jua la asubuhi na la jioni lisipige kioo cha mbele moja kwa moja. Acha upenyo wa kidole kwenye madirisha mawili kama mahali pana mlinzi. Kivalishe kioo cha ndani soksi ya pamba, si mfuko wa plastiki, maana plastiki hufungia unyevu ndani. Ukirudi, vua soksi kabla hujawasha gari, kipanguse kioo kwa kitambaa kikavu, na uitikise gololi kidogo kuona kama imelegea ulipokuwa ng'ambo.